Mbwa Anayekufaa: Mwongozo Kamili wa Kumchagua Kabla Hujamleta Nyumbani

Jumapili moja jioni mwalimu mmoja anayeishi Lanet, hapa Nakuru, alinipigia simu, akaniomba nimtafutie mtu wa kumchukua mbwa wake. Mbwa mwenyewe alikuwa German Shepherd wa miezi saba, mzima wa afya, aliyenunuliwa kwa pesa nyingi. Alikuwa ametafuna mlango wa jikoni, amefukua sukuma wiki zote za nyuma ya nyumba, na alikuwa akilia kutwa hadi majirani wakamwendea mwenye nyumba. Nikamwuliza, "Mwalimu, asubuhi unatoka saa ngapi?" Akasema saa kumi na mbili kasorobo. Na kurudi? "Saa moja usiku, kama hakuna mkutano."

Hizo ni zaidi ya saa 13. Mnyama ambaye ukoo wake ulizalishwa kuchunga kondoo alikuwa akishinda peke yake kwenye kiwanja cha hatua nane kwa sita. Hakuwa na ila yoyote yule mbwa. Alikuwa ametiwa katika maisha yasiyomtosha, na mwalimu naye, mtu mwema kabisa, alikuwa amechagua kwa macho.

Nimelelewa na mbwa tangu utotoni kule Vihiga, na hapa Nakuru majirani na marafiki wamezoea kunitafuta wanapotaka mbwa, au wanapotaka kumtoa. Simu za kumtoa ndizo zinazoniuma, kwa sababu karibu zote zingeepukika kama mwenyewe angejitazama kwanza kabla ya kumtazama mbwa. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo za mwongozo huu hazina mbwa ndani yake.

Hatua ya 1: Andika siku yako ilivyo

Chukua daftari. Kwa siku saba mfululizo andika saa unayoamka, saa unayotoka, saa unayorudi, na nani anabaki nyumbani katikati. Andika mambo yalivyo, usiandike unavyotamani yawe. Watu wengi huniambia, "Nikipata mbwa nitakuwa naamka alfajiri tutembee." Kama sasa hivi huamki alfajiri kutembea, mbwa atakuamsha kwa wiki mbili, kisha utaanza kumwona msumbufu.

Ukimaliza siku saba, hesabu saa ambazo nyumba hubaki tupu.

Nyumba ikibaki tupu zaidi ya saa nane, usichukue mtoto wa mbwa. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hula mara tatu hadi nne kwa siku, na hawezi kuzuia mkojo zaidi ya saa mbili au tatu. Ukimwacha kutwa atajifunza kulala kwenye uchafu wake, na tabia hiyo kuitoa baadaye ni kazi. Anayekufaa wewe ni mbwa mtu mzima, wa miaka mitatu au zaidi, mtulivu, pamoja na mtu wa kumtupia jicho saa sita mchana. Nyumba ikibaki tupu saa 12 na unaishi peke yako katika ghorofa, nakusihi usubiri. Kazi hubadilika, nyumba hubadilika, na mbwa wa kuokolewa watakuwapo.

Kama kuna mtu nyumbani mchana kutwa, mtoto wa mbwa anawezekana, mradi mtu huyo mwenyewe amekubali. Nimeona mara nyingi baba analeta mbwa na dada wa kazi ndiye anayebebeshwa mzigo bila kuulizwa. Mwulize. Kama anaogopa mbwa, jibu lake ni jibu la nyumba nzima.

Wanaofanya kazi za zamu, manesi na walinzi, wasikate tamaa. Mbwa hajali kama unatembea naye saa kumi jioni au saa tatu asubuhi ukitoka zamu ya usiku. Anachotaka ni kujua kwamba saa yake itafika.

Sasa geuza ukurasa uandike mambo mawili ya mwaka. La kwanza ni Desemba: mkienda ushago wiki mbili, nani atabaki na mbwa? Mitaa ya Nakuru kama Kiamunyi na Naka hubaki kimya wakati wa Krismasi, na mbwa wengi hubaki na mlinzi aliyeachiwa unga wa siku tano. La pili ni uhamisho. Mbwa huishi miaka 10 hadi 13, na wengine zaidi. Ukiwa mwalimu, polisi au nesi, katika muda huo unaweza kuhamishwa mara mbili au tatu. Hilo halikuzuii kuwa na mbwa, ila linakuelekeza kwa mbwa wa wastani anayeweza kukubaliwa kwenye nyumba ya kupanga, badala ya Boerboel wa kilo 60.

Hatua ya 2: Nyumba, ploti na majirani

Kama unapanga, mwulize mwenye nyumba mwenyewe. Keateka, yaani mwangalizi wa ploti, kusema "hakuna shida" si ruhusa. Omba ruhusa iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu tu, utaje mbwa mmoja, ukubwa wake na mahali atakapolala.

Kisha nenda kwa majirani. Kwenye ploti yenye mfereji mmoja na kamba za nguo za pamoja, mbwa wako ni mbwa wa kila mtu. Jirani Mwislamu anayefuata madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa Mumias, Kisumu na kwingineko nchini, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akigusa kanzu yake iliyoanikwa, umemtwisha kazi kubwa kabla ya swala. Mwendee mapema, mkubaliane mbwa atapita wapi na atafungwa saa zipi. Nimeona majirani wa namna hiyo wakiishi vizuri kabisa, kwa sababu tu mwenye mbwa alibisha hodi kwanza.

Kagua ua. Piga magoti, kwa maana mbwa haangalii ua ukiwa juu kiunoni, anauangalia chini. Ua wa kayaba unaweza kuonekana hauna pa kupenya, kumbe kwenye shina kuna matundu ambayo mbwa wa miezi mitatu anapita bila kujikuna. Geti nalo lipime: mkono wako ukipita chini yake, kichwa chake kitapita.

Hali ya hewa watu huisahau kabisa. Kisumu iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto la pale kando ya ziwa lina unyevu mwingi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa ikiwa na unyevu kuhema hakumsaidii sana. Mbwa wa pua fupi kama Bulldog na Pug huteseka Kisumu, na wanaweza kufa kwa joto saa nane mchana kwenye kibanda cha mabati. Wenye manyoya mengi nao hupata taabu. Nakuru iko mita 1,850 hivi, na usiku wa mwezi wa saba mbwa mwembamba mwenye manyoya mafupi hutetemeka hadi asubuhi asipopata kibanda kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye mbao chini na gunia kavu. Baridi ya Kericho, huhitaji kuambiwa.

Neno moja kwa wanaoishi karibu na Hifadhi ya Ziwa Nakuru. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, unaohusishwa na mbwa wa vijijini, uliua karibu thuluthi moja ya simba wa Serengeti. Chanjo ya mbwa wako inavuka ua wa nyumba yako.

Hatua ya 3: Hesabu pesa kwa mguu

Sitakuandikia bei, kwa sababu bei ya Kondele si bei ya Njoro, na ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Nenda mwenyewe kwenye duka la agroveti na ofisi ya daktari wa mifugo, uandike bei za vitu hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka, chanjo ya pamoja ya pavo (ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua watoto wa mbwa), distempa na mengineyo, dawa ya minyoo kila miezi mitatu, dawa ya kupe na viroboto, na upasuaji wa kufunga kizazi au kuhasi, unaofanywa mara moja tu. Gawa jumla ya mwaka kwa 12. Ongeza chakula. Ukiona kiasi hicho kinakuminya mwezi wenye karo, chagua mbwa mdogo zaidi, au subiri.

Chakula nitakisemea kidogo. Mbwa wetu wengi wamekula ugali na wakaishi vizuri, lakini ugali mtupu haumjengi mbwa. Ziwani tuna bahati ya omena: chemsha konzi mbili, changanya na ugali na mboga kidogo, bila vitunguu. Matumbo na mapafu yaliyochemshwa vizuri ni chakula kizuri pia. Usimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, hupasuka vipande vyenye ncha. Na tafadhali, usimpe mbwa mahindi yaliyoota kuvu eti kwa sababu watu hawawezi kuyala. Sumukuvu huharibu ini la mbwa kama linavyoharibika la mtu, naye hana namna ya kukwambia.

Hatua ya 4: Mbwa wa namna gani?

Hapa ndipo nina maoni makali, na sitayaficha.

Wapo wanaomwita mbwa wa kienyeji "shenzi." Silipendi neno hilo. Mbwa wa kienyeji wa Magharibi na wa Bonde la Ufa amechujwa na mazingira yetu kwa vizazi vingi: wasiostahimili kupe, joto na chakula haba hawakubaki. Ana ukubwa wa wastani, kilo 15 hadi 25 hivi, manyoya mafupi yasiyohitaji kuchanwa, masikio yanayonasa kila mlio, na hadai mbio za saa mbili kila siku. Kwa familia ya kawaida ya Nakuru, Kakamega au Kisumu, yeye ndiye wa kwanza ninayemtaja. Hii haimaanishi kwamba haumwi. Anahitaji chanjo kama wenzake wote.

German Shepherd, ambaye wengi wetu tunamwita Alsatian, ni mbwa wa kazi. Akipata kazi ni hazina. Asipopata ataivumbua mwenyewe, na kazi atakayovumbua ni mlango wako. Mchukue ikiwa una eneo na mtu wa kumfundisha kila siku. Rottweiler na Boerboel ni wenye nguvu kiasi kwamba kosa dogo la malezi huwa jeraha kubwa. Kama hujawahi kufuga mbwa, usianzie hapo. Japanese Spitz amependwa sana mijini kwa weupe wake. Ni mchangamfu na anatosha nyumba ndogo, lakini hubweka sana, manyoya yake yanataka kuchanwa kila mara, na kwa joto la Kisumu lazima awe na kivuli na maji muda wote. Labrador ni mpole kwa watoto, ila hula kama hana tumbo la kujaa, na usipompima chakula atanenepa hadi magoti yamshinde.

Sasa umri. Kila mtu anataka mtoto wa mbwa. Sababu naielewa, lakini mtoto wa mbwa ni bahati nasibu: hujui atakuwa mkubwa kiasi gani wala mwenye tabia gani. Mbwa wa miaka mitatu unamwona alivyo. Kama anakula kuku, utaona manyoya mdomoni mwake. Kama anaogopa watoto, utamwona akifyata mkia. Ile imani kwamba mbwa mtu mzima hawezi kumzoea bwana mpya si kweli. Nimewaona wakizoea ndani ya wiki chache.

Halafu jike au dume. Tembea sokoni au kando ya mto asubuhi, utazame watoto wa mbwa waliotupwa kwenye gunia: mara nyingi ni majike. Watu hawawataki kwa sababu jike huingia kwenye joto takriban kila miezi sita, madume wa mtaa mzima wanalala getini, na baada ya siku 63 kuna watoto saba wasio na pa kwenda. Dawa ya hayo yote ni upasuaji mmoja wa daktari wa mifugo. Jike aliyefungwa kizazi hubweka kwa mgeni sawasawa na dume, hazururi, na kwa uzoefu wangu hukaa karibu na watoto kuliko dume. Ukiniuliza nikutajie mbwa mmoja tu wa familia yenye watoto na ua wa kawaida, nitakutajia jike wa kienyeji, wa miaka miwili hadi minne, aliyefungwa kizazi. Ndiye anayeachwa nyuma kila mara.

Hatua ya 5: Pa kumpata

Anza na daktari wa mifugo wa eneo lako. Yeye anajua nani anahama, mzee gani amefariki akaacha mbwa, na boma lipi lina watoto wa mbwa wanaotafutiwa makao. Uliza kanisani, uliza kwenye kikundi cha mtaa. Shirika la KSPCA, linalowahifadhi wanyama na lenye makao yake Karen, Nairobi, hutoa mbwa kwa watu wanaotimiza masharti yake. Ukiweza kusafiri, uliza huko pia. Ukiulizwa maswali mengi kuhusu nyumba yako, furahi, ni dalili ya watu wanaojali.

Usimchukue mtoto wa mbwa aliye chini ya wiki nane. Katika wiki hizo mama na ndugu zake humfundisha kuuma kwa kiasi. Kando ya barabara utaambiwa ana miezi miwili. Mfungue mdomo: kufikia wiki nane huwa meno ya utotoni yametoka karibu yote, membamba na makali kama sindano. Ukiona ufizi mtupu, au meno machache yanayochungulia tu, huyo bado ni wa kunyonya.

Na usitume pesa ya "kushikia mbwa" kwa mtu ambaye hujamwona, kwa picha ulizotumiwa kwenye simu. Hakuna mbwa pale.

Hatua ya 6: Kukutana naye

Nenda mara mbili angalau, kwa saa tofauti, na mara ya pili nenda na kila mtu atakayeishi naye.

Nikueleze nilivyompata Tausi, mbwa wangu. Mama mmoja mzee karibu na Luanda, kule Vihiga, alikuwa anahamia kwa mwanawe Nairobi, naye alitaka mbwa wake abaki mahali penye nyasi. Nilifika saa nne asubuhi. Sikumwita mbwa. Nilikaa kwenye kigoda chini ya mwembe, ubavu wangu ukiwa upande wake, nikazungumza na mama. Tausi alisimama hatua sita hivi, mkia umelala sawa na mgongo, pua juu. Akazunguka nyuma yangu. Sikugeuka. Baada ya muda nikahisi pumzi kwenye kisigino, kisha kwenye mkono niliokuwa nimeuacha uning'inie. Akanusa kiganja, akanusa kati ya vidole, akaondoka, akarudi, akaketi.

Wakati huo mjukuu akaangusha sufuria jikoni. Tausi aliruka, akakimbia hatua nne, akasimama, akageuka, masikio mbele, kisha akaenda polepole hadi mlangoni kuangalia ni nini. Hapo ndipo nilipoamua. Mbwa wote hushtuka. Ninayemtafuta ni yule anayeshtuka kisha akarudi kuangalia. Anayekimbilia uvunguni asitoke tena anahitaji nyumba tulivu isiyo na watoto wadogo, na mtu mwenye subira. Anayerukia kile kilicho karibu naye na kukiuma anahitaji mtu mzoefu sana, si wewe unayeanza.

Mama akaniambia, "Mwanangu, huyu haibi mayai." Maneno hayo manne yalinipa habari zaidi ya cheti chochote, kwa sababu nyumbani kwangu kuna kuku.

Nawe fanya vivyo hivyo. Keti, subiri, tazama. Kisha, akiwa ametulia, mguse bega, halafu mgongo, halafu sikio, halafu mguu. Akikaza mwili, akageuza uso na kulamba midomo, acha, anakwambia imetosha. Mbwa anayekwambia kwa upole kwamba imetosha ni mbwa mzuri. Mwekee chakula, usimame mbali, uone kama ananguruma mtu akipita. Ikiwa una mtoto chini ya miaka mitano, kunguruma juu ya sahani ni sababu ya kutosha ya kushukuru na kuondoka.

Mwulize mwenyewe: anaogopa nini? Amewahi kuuma nani, na ilikuwaje? Amezoea kuku, mbuzi, paka? Kwa nini unamtoa? Uliza kwa upole, kwa sababu anayeachana na mbwa mara nyingi ana huzuni au aibu, na akiona humhukumu atakwambia kweli.

Kati ya watoto wa mbwa, usimchukue anayewakanyaga wenzake kukufikia, wala yule wa pembeni kwa kumwonea huruma tu. Tazama wa katikati. Mbebe, mgeuze chali mikononi mwako: akifurukuta kidogo kisha akatulia, ana kichwa kizuri.

Hatua ya 7: Afya, kabla ya kupeana mikono

Inua mdomo wa juu. Ufizi uwe wa waridi. Bonyeza kwa kidole hadi pawe peupe, uachie. Rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka, hasa huku kwetu Magharibi, mara nyingi ni minyoo au magonjwa ya kupe. Fungua masikio, tenganisha vidole vya miguu, ndiko kupe hujificha. Tazama ngozi ya tumbo na viwiko kama ina ukurutu. Kwa mbwa mzima aliyekuwa akizurura, tazama sehemu za siri: kuna uvimbe unaoambukizwa kwa kujamiiana, unaofanana na koliflawa na kudondosha damu. Watu wengi humkataa mbwa kwa sababu yake, lakini daktari wa mifugo ana sindano zinazouponya karibu kila mara.

Mtoto wa mbwa anayeharisha, hata kidogo, usimbebe leo. Huenda ni pavo. Na kama nyumbani kwako alifia mbwa kwa pavo, jua kwamba virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Nimemwona jirani akizika watoto watatu wa mbwa kwenye kiwanja kimoja, mmoja baada ya mwingine, akidhani amerogwa. Kwenye kiwanja kama hicho chukua mbwa mtu mzima aliyechanjwa, na usafishe sakafu kwa dawa ya kupaushia nguo, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji.

Chanjo ya pavo na distempa huanza wiki ya sita hadi ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifika miezi mitatu, kisha kila mwaka. Usikubali "alichanjwa" bila cheti. Kama hakuna, mchanje upya, haidhuru. Kenya imejiwekea mkakati wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, na ili ugonjwa ukatike, mbwa 70 kati ya 100 wanahitaji kuwa wamechanjwa. Wakati wa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, sikiliza redio ya eneo lako. Kaunti nyingi huendesha chanjo za bure karibu na siku hiyo.

Na kama mbwa yeyote, hata huyu unayempenda, atakuuma na ngozi ikachubuka: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na mbwa afungiwe, aangaliwe siku 10. Usingoje kuona dalili kwako. Dalili zikishaanza, hakuna tiba.

Hatua ya 8: Kumleta nyumbani

Mlete Ijumaa au Jumamosi asubuhi, siku ambazo utakuwapo. Usimlishe saa chache kabla ya safari, atatapika. Omba kitambaa alichokuwa akilalia, uje nacho bila kukifua. Usimweke kwenye buti la gari lililofungwa, na usimbebe kwenye bodaboda akiwa ndani ya gunia.

Akifika, mtembeze na kamba ndani ya ua kwanza, umwonyeshe maji na mahali pa kulala, kisha mwache. Majirani wasije kumwona. Watoto wasimkumbatie. Siku za kwanza huenda asile, akalala sana, au akashinda getini akitazama nje. Mfunge kamba kila mnapotoka, hata anavyoonekana mtulivu, kwa sababu mbwa wengi hupotea wiki hii wakijaribu kurudi walikotoka. Baada ya wiki tatu hivi utaanza kuona tabia yake ya kweli, nzuri na mbaya, na hapo ndipo mafundisho yanaanza kushika.

Kabla ya kuondoka kwa mwenyewe, kubalianeni jambo moja waziwazi: mambo yakishindikana, mbwa anarudi kwake au anatafutiwa nyumba nyingine nanyi wawili. Hakuna anayemwachilia sokoni. Yule German Shepherd wa Lanet alimaliza mwezi mzima kwa mwalimu tukimtafutia, mpaka akapata shamba kule Njoro lenye mlinzi wa usiku anayezunguka naye tangu jioni mpaka kuche.

Tausi hakula siku tatu. Siku ya nne asubuhi nilimpigia simu yule mama, nikaweka sauti wazi, akamwita kwa jina lake. Tausi aliinua kichwa, akaizunguka simu mara mbili, akainusa. Kisha akaenda kwenye sahani.